Jina Halikaliwi na Wawili

Tandika, Temeke
3 Februari 1974

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama, na shikamoo tena kwa zile siku nilizokaa kimya. Sie huku hatujambo, ila joto linatukaanga na mvua inaahidi tu, haiji. Vipi mguu wako? Ile dawa ya kuchua niliyompa kondakta wa basi la Songea ilifika, au alijichua mwenyewe njiani?

Mama, kama umesimama, kaa kwanza. Felicitas amejifungua salama, tarehe 19 Januari alfajiri. Mtoto wa kiume! Baada ya wasichana wawili, sasa una mjukuu wa kiume. Ana nywele tele na paji la uso la marehemu baba, na akilia watu wa nyumba ya tatu wanajua kwamba kwa Albano kuna jambo. Mafundi wenzangu wa karakana ya Keko wamemtengenezea kitanda cha mninga, wamekipiga msasa mpaka kinateleza. Mie walinizuia hata kushika msumari, wakasema baba mtoto hajipi zawadi.

Sasa neno lenyewe. Mtoto hana jina. Kadi ya kliniki imeandikwa "Mtoto wa Albano", na nyumbani tunamwita Mgeni, kama kwetu wanavyoitwa wote mpaka bibi atoe jina. Anastasia na mdogo wake tuliwaleta kwako, ukawatia majina sikioni kwa mdomo wako mwenyewe. Huyu bado mchanga mno kwa safari ya siku tatu, na likizo yangu imekwisha. Ndiyo maana nakuomba unipe jina kwa barua.

Naomba jina la Kasimiri.

Najua utakavyosema. Lakini mama, mwaka huu ni wa kumi na saba tangu kaka apande lile lori la manamba kwenda kukata mkonge. Na hapa mjini watu hawaangalii tena mambo hayo. Mtaa wetu peke yake una akina Jamali wanne, na hakuna aliyemzika mwenzake. Fikiri kidogo, halafu unijibu kwa wema.

Felicitas anakusalimu kwa magoti. Anastasia anauliza kama kuku wako mweusi bado anataga.

Mimi mwanao,
Albano


Lihangu, Songea
11 Machi 1974

Mwanangu Albano,

Marahaba baba. Mimi mzima. Mguu unalalamika asubuhi na kunyamaza mchana, kama wazee wa baraza. Dawa ilifika nusu chupa. Msamehe kondakta, naye ana miguu.

Anayeniandikia ni Mwalimu Revelian, kijana wa Bukoba aliyeletwa na serikali kutufundisha kisomo sisi watu wazima. Mwandiko wake mzuri, lakini ugali hali mpaka abembelezwe, anasema kwao wanakula ndizi. Nimemwambia aandike kila ninachosema, hata hilo nalo ameliandika, namwona anacheka.

Habari ya mtoto imenifurahisha mpaka nimemwaga ndoo ya maji. Nilipiga vigelegele peke yangu, jirani akaja mbio na fimbo akidhani nimeingiliwa na nyoka. Mpe mke wako hongera na pole. Anywe uji wa ulezi, si hizo chai zenu za mjini. Mwambie Anastasia kuku mweusi anataga, ila anaficha.

Jina la Kasimiri sikupi.

Usiniletee akina Jamali wa Tandika. Nilikufundisha mwenyewe, ukiwa umekaa hapahapa unatoboa kigoda kwa kisu: kwetu jina moja halikaliwi na wawili. Jina hutoka kwa mtu siku anapozikwa. Linapumzika, kisha bibi analichukua na kulitia sikioni mwa mtoto, anamgombeza kidogo kama mtu wa nyumbani aliyekawia njiani: "Fulani, umechelewa. Karibu ndani." Hivyo ndivyo babu yako Kasimiri alivyompisha kaka yako. Hivyo ndivyo mama yangu Anastasia alivyompisha binti yako. Ukimpa mtoto jina la aliye hai, unamwambia yule wa kwanza, ondoka, nafasi yako imechukuliwa.

Na Kasimiri yupo. Barua yake ya mwaka wa Uhuru ninayo sandukuni, alisema atarudi mkataba ukiisha. Hakusema mkataba ni wa miaka mingapi. Sahani aliyonitumia kwa mkono wa watu waliorudi, ile ya bati yenye maua mekundu, haijaliwa na mtu mpaka leo. Ni yake. Anakawia tu, hata kuzaliwa alinikawisha siku mbili. Kawia ufike, walisema waliotutangulia.

Jina la baba yako Anselmi liko wazi, limepumzika miaka ishirini. Chukua hilo umpe mtoto.

Kuna jambo jingine. Viongozi wamepita hapa, wanataka wote tuhamie kijiji kipya kule barabarani, karibu na shule na bomba la maji. Wengi wamekubali. Mimi niliwaambia Ujamaa naupenda na kwenye shamba la pamoja nalima kuliko vijana wenu, lakini nina mtu ninayemsubiri, na mtu huyo anaijua njia ya hapa tu. Akija akakuta magofu atadhani nimekufa, atageuza. Wakaniangalia wakaandika kitu kwenye daftari.

Mbebe Mgeni kwa niaba yangu.

Mimi mama yako,
Mama Kasimiri


Tandika, Temeke
5 Mei 1974

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Mvua iliyokuwa inaahidi imekuja yote kwa pamoja, uani kwetu tunapita juu ya matofali. Natumaini mguu hauonei wivu unyevu huu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na neno lako nimelielewa. Lakini hali ya huku ni hivi. Juzi kliniki waliita "Mtoto wa Albano", wakainuka wanawake wawili. Kumbe kuna Albano mwingine, mtu wa Masasi. Kadi zikachanganywa, mwanetu akaandikwa kwamba amepungua uzito nusu nzima. Felicitas alilia kutoka kliniki mpaka nyumbani, na mtoto mwenyewe yuko mgongoni, mzito kama gogo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu ana siku mia na hana hata jina, hilo jembe atalipokeaje?

Baba mkwe wangu wa Kinondoni, Mzee Polikarpo, alikuja Jumapili, akaniambia mbele ya watu: "Albano, kama ukoo wenu umeishiwa majina, sisi tunayo." Ameshaanza kumwita mtoto Polikarpo, na kwao hawaoni vibaya kumpa mtoto jina la babu aliye hai. Felicitas yuko katikati, na katikati hapakaliki.

Jina la Anselmi zuri, mama. Lakini silo ninaloomba.

Niruhusu nikuulize kitu bila kukukosea adabu. Maisha yako yote unaitwa Mama Kasimiri. Ndiye mtoto wako wa kwanza, ni haki yake. Lakini mie ndiye niliyebaki. Nilikuchotea maji ulipougua mwaka ule wa njaa, nililima shamba peke yangu mpaka nilipokuja mjini nikiwa mtu mzima. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukuita Mama Albano. Sijalalamika na hata leo silalamiki, nasema tu. Sikuwahi kukuomba kitu kikubwa. Nakuomba hiki.

Na kuhusu kuhama, tafadhali hama. Usigombane na viongozi. Nyumba ni udongo, tutajenga nyingine, mie nitakuja kukutengenezea milango na madirisha. Hapo hakuna wa kumsubiri.

Mwanao,
Albano


Lihangu, Songea
20 Juni 1974

Albano,

Marahaba. Mimi sijambo. Mahindi mwaka huu yamekuwa haba, lakini mtu mmoja mwenye meno machache hali sana.

Mwalimu amenisomea barua yako. Alipofika pale mwisho, "hapo hakuna wa kumsubiri", nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena. Kijana wa watu akaanza kutokwa jasho, na leo kuna baridi.

Sikiliza. Ulipompata Anastasia hukuomba jina, ulisema toa lolote mama. Wa pili pia. Huyu umeomba, tena umeomba jina lisilo na nafasi. Na wewe si mtu wa kusahau desturi. Hata ulipokuwa mdogo wewe ndiye uliyewakumbusha wenzako.

Kama una neno kifuani, usiliweke kwenye barua itakayopita kwa mwalimu. Kuna maneno mama hasomewi na mtoto wa mwenzake aliyekaa kwenye kigoda, anamenya karanga. Nasema hivi na yeye mwenyewe anaandika, na ameitikia kwa kichwa. Neno la namna hiyo nitalisoma kwa macho yangu, au sitalisoma kabisa.

Kwa hiyo nimejiandikisha kisomo. Tunakaa kwenye ghala la ushirika, wanawake kumi na tisa na mzee mmoja mwenye aibu. Nimeshika a e i o u, sasa tuko ba be bi bo bu. Mkono unatetemeka kushika kalamu, wakati jembe nililishika miaka arobaini halikutetemeka. Nipe muda. Mpaka nitakapokuambia, niandikie habari za mtoto, na habari za mtoto tu.

Hilo la kuitwa Mama Albano sikujua kama linakuuma. Mtoto akiwa karibu, mama hamwiti, anamtuma tu. Lakini nimesikia.

Mama yako,
Mama Kasimiri


Tandika, Temeke
28 Julai 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tuko salama wote. Nimesikia ulichosema na nitasubiri.

Habari za mtoto basi. Ameota jino moja la chini, akicheka unaona anajivunia. Akikalishwa chini anajisukuma kinyumenyume mpaka agonge ukuta, halafu anaukasirikia. Jumamosi nilimchukua karakana. Nilidhani atalia kwa kelele, lakini nilipoanza kupiga randa akatulia, akasinzia kwenye rundo la vumbi la mbao. Alipoamka akala taka za mninga. Felicitas hajaambiwa.

Unga wa nyumbani umeadimika huku, tunakula ule wa njano wa kutoka nje, wenyewe wanauita yanga. Ugali wake unakauka kabla hujanawa. Nikiula nakumbuka wako. Mama, sijui kama niliwahi kukuambia, nikiupasua mninga mbichi, harufu yake ya kwanza ni ya nyuma ya nyumba yetu, pale baba alipokuwa akichongea mipini. Huwa nasimamisha msumeno kidogo. Wenzangu wanadhani napumzika.

Felicitas amekubali kungoja. Amesema, mama ana sababu zake, na wewe una sababu zako, ila mwanangu ndiye anayelipia. Hata Mzee Polikarpo amepoa. Anamwita Mgeni kama sisi, ingawa anavuta pumzi kabla ya kulisema.

Soma kwa bidii, mama. Au soma polepole. Vyovyote upendavyo.

Mwanao,
Albano


Kijiji kipya, Barabarani, Songea
2 Oktoba 1974

Mwanangu Albano,

Marahaba. Tuko hai, tumechoka.

Tumehama. Lori lilikuja Jumanne, likapita nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nimeapa sitapanda. Kisha nikaona jirani zangu wote wamepanda na mbuzi wao, na kubaki peke yangu pale kungekuwa ukaidi wa kuliwa na fisi. Nilibeba sanduku, jembe, kuku, ile sahani, na mlango alioutengeneza baba yako. Mlango ulichukua nafasi ya watu wawili, wakanung'unika, nikawaambia watashuka wao kabla mlango haujashuka.

Lakini kabla sijapanda nilikwenda ukutani, upande ule unaotazama njia. Siku mbili nyuma nilimwomba mwalimu anionyeshe herufi mchangani, nikazifanyia mazoezi. Hakunishika mkono hata kidogo. Nikachukua mkaa, nikaandika kubwa: MAMA YUKO BARABARANI. Herufi ya mwisho bado nilikuwa sijaimaliza, dereva akapiga honi na kutoa maneno. Nikamwambia, ngoja mwanangu, mimi nimengoja miaka kumi na saba.

Kasimiri alifika darasa la nne. Ataweza kuyasoma.

Najua unavyofikiri ukisoma hayo. Nayaandika nikijua.

Hapa Barabarani bomba lipo, maji yake siku yanatoka, siku hayatoki. Nyumba yangu ni vijiti na matope, lakini ina mlango kuliko nyumba zote. Watu wanakuja kuutazama, nawaambia fundi ana mtoto fundi zaidi, yuko Keko.

Sasa sikiliza vizuri, hii ndiyo barua ya mwisho mwalimu kuniandikia. Nasoma. Polepole kama mtu anayevuka mto, lakini nasoma. Wiki iliyopita nilisoma gunia la mbolea lote, mbele na nyuma. Kwa hiyo liandike lile neno. Andika kwa herufi kubwa, maneno mafupi, usiniwekee maua. Mwalimu ataniletea bahasha kutoka posta ikiwa imefungwa. Ameahidi.

Mama yako,
Mama Kasimiri na Albano


TANDIKA
10 NOVEMBA 1974

MAMA. SHIKAMOO.

KAKA KASIMIRI ALIFARIKI.

ALIFARIKI MWAKA 1964. ALIUGUA KICHOMI SIKU SITA.

ALIYENIAMBIA NI MTU WA TUNDURU, ANAITWA JABIRI. WALIKATA MKONGE PAMOJA, UPANDE WA KOROGWE. MWAKA 1969 JABIRI ALIKUJA KEKO KUNUNUA KITI. ALINITAZAMA USONI. AKASEMA, WEWE NI NDUGU YA KASIMIRI. NILIFURAHI, NIKADHANI ANANILETEA SALAMU.

JABIRI NA WENZAKE WALIMZIKA. PADRI ALIKUWA MBALI. WALIMWEKEA MSALABA WA MTI WA MKONGE. JABIRI NI MWISLAMU, LAKINI MSALABA ALIUFUNGA YEYE.

ALIKUWA ANARUDI, MAMA. MKATABA ULIBAKI MWEZI MMOJA. ALIKUWA AMESHANUNUA SANDUKU.

MWAKA ULEULE NILIPATA LIKIZO. NILIKUJA KUKUAMBIA. NILIPOFIKA ULIKUWA UMEOSHA SAHANI YAKE, UMEIANIKA JUANI. ULINIAMBIA NISIIGUSE. NIKASHINDWA. NIKARUDI MJINI NA NENO LANGU. NIMELIFICHA MIAKA MITANO.

ALIPOZALIWA MTOTO NIKASEMA, JINA LA KAKA LINATANGATANGA MIAKA KUMI. HALINA MTU. NILIDHANI NITALIPATA BILA KUKUAMBIA. NILIKOSEA.

NISAMEHE, MAMA.

ALBANO


Tandika, Temeke
26 Januari 1975

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuulizia hali kwa mara ya tatu. Niliandika Novemba, nikaandika tena Krismasi, sijapata jibu. Kila basi la Songea likiingia naenda kuuliza, makondakta wamenizoea, wananitikisia kichwa kabla sijafungua mdomo.

Kama unaumwa, mwambie mwalimu aniandikie mstari mmoja. Kama umenikasirikia, nitukane. Matusi yako nayajua tangu utotoni na sijawahi kufa kwa hayo. Kimya chako ndicho nisichokizoea. Hukuwahi kuninyamazia.

Mtoto ametimiza mwaka tarehe 19. Siku ileile alitembea. Nilikuwa nimempeleka karakana, amesimama ameshika mguu wa meza ninayoitengeneza, nikapiga magoti na kufungua mikono. Akauachia. Hatua nne, mama, nilizihesabu. Mafundi wote wakaweka zana chini. Mmoja akauliza, anaitwa nani vile, tumshangilie? Nikasema, Mgeni. Wakamshangilia hivyohivyo, "Mgeni! Mgeni!" na mimi nikageuka nikajifanya natafuta misumari.

Sisemi tena habari ya jina. Mwite Anselmi, mwite Polikarpo, au abaki Mgeni mpaka ndevu zimwote. Nimekusumbua vya kutosha na jina la watu. Niandikie tu. Nimeomba likizo ya Aprili, wakinipa nitakuja, hata kama ni kukaa nje ya mlango wa baba mpaka unifungulie.

Nakukumbuka, mama. Nilikukumbuka hata kabla ya haya yote, sikuwa nasema.

Mwanao,
Albano


BARABARANI
3 MACHI 1975

ALBANO MWANANGU

MARAHABA. MIMI MZIMA. MGUU ULEULE.

NAANDIKA MIMI. MWALIMU NIMEMFUKUZA, YUKO NJE.

BARUA YAKO NILIISOMA SIKU NNE. MAMA NILILIJUA. KAKA NILILIJUA. KASIMIRI NILILIJUA SANA, NDILO NENO LA KWANZA NILILOMWAMBIA MWALIMU ANIFUNDISHE. LILE LILILOFUATA LILIKUWA REFU. NILILIANZA ASUBUHI. A. LI. FA. NIKAACHA. NIKAENDA BOMBANI. MAJI HAYAKUWAPO, NIKASIMAMA TU NA NDOO. NIKARUDI. RI. KI. ILIKUWA MCHANA.

SIKUKUKASIRIKIA. NILINYAMAZA KWA SABABU NILIKUWA NAJIFUNZA KUANDIKA. KUSOMA NI KAZI NA KUANDIKA NI KAZI NYINGINE. SIKUTAKA JIBU HILI LIPITE MKONO WA MTU.

NILIJUA TANGU BARUA YAKO YA KWANZA. LAKINI KUJUA SI KUAMBIWA. MTU AKIJUA TU BADO ANAOSHA SAHANI.

NILIKWENDA NYUMBANI KWETU KWA ZAMANI. PAA LIMEINGIA NDANI. UKUTA UPO. NILIFUTA MANENO YANGU KWA KANGA. NILILIA HAPO MPAKA NIKATOSHEKA. HAKUNA ALIYENIONA ILA MBUZI WA MTU. MKAA UMESHIKA KWENYE KANGA. SIIFUI.

MWAMBIE JABIRI, UKIMWONA, MAMA ANASEMA ASANTE.

MWALIMU ANAKWENDA LIKIZO KWAO. ATAPITA DAR. ATAKULETEA SAHANI. MTOTO ALIE CHAKULA CHAKE. ISITUNZWE. IKICHUBUKA ICHUBUKE.

NA WEWE. WEWE ULIKAA. MAJI NAJUA NANI ALICHOTA.

KUTIA JINA NI KAZI YA BIBI. LAKINI MTOTO AMESHATEMBEA, HAWEZI KUNINGOJA MPAKA APRILI. NAKUPA WEWE MDOMO WANGU. MPAKATE. WEKA MDOMO SIKIONI. SOMA HAPA CHINI, USIONGEZE NENO.

KASIMIRI, UMECHELEWA. KARIBU NDANI.

MIMI BIBI YAKO,
BIBI KASIMIRI